Nchi Ambako Chai Haikufika

Kwa miaka mitano nilifikiri "kwetu" ya Karani ni Siongiroi. Alikuwa anatundika gunia langu la majani kwenye ndoano ya mizani, anangoja mshale utulie, na bila kuniangalia anasema, "Leo kwetu imenyesha tangu asubuhi. Ng'ombe hawajatoka." Nami namjibu kama mtu anavyomjibu jirani, "Mungu ashukuriwe, huko kwenu ni kukavu." Anaandika kilo, ananipa risiti, anamwita mwingine. Siku niliyojua kwamba huko kwao hakuko popote duniani, nilikaa chini juu ya majani ya watu. Na mimi si mtu wa kukaa chini ovyo.

Jina lake nalijua na silisemi. Alizaliwa lini na ni wa ukoo gani, hayo waulizwe watu wake. Mimi nilimjua kama karani wa mizani katika kituo chetu cha kuuzia majani, banda la mabati lenye meza ndefu, kwenye mgongo wa kilima upande wa Chepilat. Ukisimama nyuma ya banda unaona mashamba ya Wakisii ng'ambo. Mimi ni wa ng'ambo hiyo. Baba mkwe wangu alikuja kuchuma chai kwenye shamba la kampuni, akazeekea huko, kisha akanunua kipande cha ardhi kwa rafiki yake Mkipsigis, kwenye kona iliyo juu ya kijito. Hapo ndipo nilipoolewa, na tulikuwa boma saba za watu wetu katika kilima kizima cha Wakipsigis.

Kwenye mizani Karani hakuwa na undugu na mtu. Akifungua gunia alizamisha mkono mpaka chini kabisa, kule ambako sisi akina mama tulificha majani makubwa, akachomoa moja, akaliinua watu wote walione. "Hii ni ya mbuzi, Mama Moraa. Mimi nataka majani mawili na kile kidogo cha katikati." Unachambua upya mbele za watu, uso umekuiva kwa aibu. Mwenyekiti wa kituo mwenyewe alirudishiwa gunia zima lililokuwa limelowa. Mwenyekiti akanuna mwezi mmoja, Karani akamsalimu kila asubuhi kama kawaida. "Mimi sisomi uso," alituambia. "Nasoma mshale." Na kweli hakuna aliyewahi kusema Karani amemwibia hata robo kilo. Makarani wengine niliowajua, wacha tu ninyamaze.

Sasa mtu kama huyo, mtu wa chai mpaka kwenye kucha zake zilizokuwa nyeusi kwa utomvu, hakunywa chai. Lori lilikuwa linachelewa kila siku, na barabara ikilowa linakwama saa tatu au nne, basi tulikuwa tunaweka sufuria kwenye mafiga nyuma ya banda, kila mtu analeta kikombe chake. Yeye alikuja na kibuyu chake cha mursik, yale maziwa lala ya kwao yenye masizi, akajimiminia peke yake. Tulimcheka, tukamwambia kampuni ikisikia itamfuta. Alisema chai ni kazi, si kinywaji. Nilifikiri ni tumbo linamsumbua.

Kulikuwa pia na jambo la kutembea. Alitembea njia zote za kilima, hata zile za mbuzi, polepole, midomo ikichezacheza, mkono wa kulia mfukoni. Baadaye niliona kwamba mfukoni alikuwa na punje za mahindi. Kila hatua mia moja anahamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Watu walisema daktari amemwambia atembee kwa sababu ya sukari. Wengine walisema ni sala, maana alikuwa shemasi na kanisani alikaa benchi la mbele. Hakuna aliyemuuliza. Kwetu mtu akitembea na mahindi mfukoni unamwachia mahindi yake.

Mimi nilimuuliza kwa sababu ya mtama. Ilikuwa Jumamosi ya mvua, lori limekwama huko chini, wenzangu wamerudi nyumbani kupikia watoto, tumebaki mimi na yeye na magunia. Nilitaka akienda Siongiroi aniulizie mtama kwa ajili ya uji wa mama yangu. Jana yake alikuwa ameniambia kwao imenyesha vizuri. Nikamwambia, "Lakini Karani, yule mchuuzi wa ng'ombe ametoka Siongiroi leo, anasema ni vumbi tupu."

Aliinama chini ya meza akatoa sanduku la mbao, na ndani yake kulikuwa na madaftari kumi na matatu, yamefunikwa kwa karatasi ya kaki kama ya watoto wa shule.

"Si Siongiroi," akasema. "Ni hapa. Lakini ni hapa kama baridi ingekuja."

Nitaeleza alivyonieleza. Zamani, miche ya kwanza ya chai ilipoletwa huku na wazungu, ilishika. Katika nchi ya Karani haikushika. Ilikuja baridi ya wiki tatu, miche yote ikakauka. Wakaleta mingine, nayo ikakauka. Wazungu wakasema ardhi hii haifai, wakafunga mizigo wakaenda zao. Basi. Msitu haukukatwa, mashamba ya kampuni hayakuwepo, watu hawakusukumwa kutoka walipokaa. Kutoka pale akaandika mwaka kwa mwaka, mpaka akafika kwenye Jumamosi ile ile tuliyokaa. Alikuwa na mabaraza, shule, masoko, ugomvi wa mipaka, ukame wa miaka miwili. Alikuwa na kalenda ya mvua. Alikuwa na Waziri wa Nyuki.

"Waziri wa nini?" nikauliza.

"Wa nyuki. Nchi ya msitu lazima ipate asali. Ni mama mmoja mkali. Hapatani na waziri wa barabara, anamkatia miti yenye mizinga."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Huyu ndiye aliyenitolea jani moja la mbuzi kati ya kilo kumi na nane. Mtu wa mshale, shemasi, ana sanduku zima la uongo chini ya meza ya kampuni.

Nilimwambia hivyo hivyo, maana mdomo wangu hauna mlango. Hakukasirika. Akasema uongo ni mmoja tu, ile baridi. "Nikishaweka moja, siruhusiwi kuongeza ingine. Hayo mengine yote yanafuata yenyewe. Nikitaka kitu na hakifuati, hakiingii, hata nikilia." Akaniambia alikwenda kwa mchungaji kuuliza kama ni dhambi. Mchungaji alifikiri sana, halafu akauliza, "Katika hiyo nchi, Shetani yuko?" Karani akamjibu, "Bado sijafika kwake." Mchungaji akamwambia akifika arudi waongee.

Nilimwahidi sitasema, na sikusema. Na nitakiri jambo: niliipenda ile nchi. Nilianza kuuza majani mapema ili nipate habari. "Waziri anaendeleaje?" "Ameanguka kutoka kwenye mti." "Mguu umevunjika?" "Sijui, wewe unaonaje?" Nikasema goti, kwa sababu goti la mama mnene haliponi, na akaandika goti. Huyo mama alichechemea katika madaftari yake mwaka mzima kwa sababu yangu. Mume wangu aliniuliza ninachekea nini jikoni, nikamwambia ni mambo ya kituo.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Ulikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, ule mwaka nyumba zilipochomwa huku mpakani. Walio na umri wanajua, na wasiojua wamwulize mtu wao. Moshi tuliuona ng'ambo na upande huu pia. Kilima chetu hakikuguswa, wazee wa Kipsigis walikaa njiani wenyewe, mchana kutwa, wakasema hapa hapapiti mtu. Hilo sitalisahau. Lakini unaishi na majirani ukiwa unahesabu nyuso zao. Uvumi ulikuwa ni orodha tu: kuna orodha ya watakaofukuzwa, fulani yuko kwenye orodha, fulani amepewa shamba la fulani. Mume wangu alikuwa amefunga masanduku mawili. Alisema twende kwa ndugu zake ng'ambo, tupange chumba. Mimi nilisema ngoja. Kila jioni yeye anasema twende, mimi nasema ngoja.

Katikati ya hayo, mwenyekiti wa kituo alikuwa akifagia banda, akakuta karatasi imekunjwa nyuma ya ubao wa mizani. Ilikuwa migongo minne ya kalenda, imegundishwa kwa ugali mwepesi. Ni ramani ya kilima chetu. Kila njia imepimwa kwa hatua, kila kijito kiko mahali pake, kila boma lina jina la mwenyewe kwa herufi safi za karani. Boma zote, isipokuwa saba. Pale palipokuwa na boma zetu saba, pamechorwa miti.

Mtu aliyeijua ile nchi angeelewa. Lakini waliokuwa wameijua ni watatu: yeye, mchungaji, na mimi. Wengine walikumbuka nini? Walikumbuka mtu anayepima njia kimyakimya kwa punje za mahindi.

Kokwet iliitwa siku iliyofuata, yaani baraza la wazee wa mtaa wao, saa tisa mchana kwenye uwanja wa shule. Sisi wa boma saba tuliitwa pia, tukakaa pamoja pembeni. Mzee wa kokwet aliitandaza ramani kwenye nyasi, akaweka mawe kwenye pembe. Nilisogea nikaangalia. Niliitafuta kona yangu juu ya kijito, nikaiona, ilikuwa imechorwa vizuri sana, na ndani yake kulikuwa na msitu. Sikuwaza orodha hata kidogo. Nilijua hiyo ni nchi gani. Nilikuwa nimecheka katika ile nchi mwaka mzima, na hakuna siku niliyojiuliza mimi naishi wapi ndani yake.

"Karani," mzee akasema kwa Kiswahili ili nasi tusikie, "hii ni kazi ya nani?"

"Ni yangu, mzee."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu."

"Hawa wa boma saba wako wapi?"

Alisimama. Mikono yake ilitafuta mahali pa kukaa ikakosa. Akaeleza yote, baridi, miche, msitu, mbele ya kilima kizima, mtu aliyeficha jambo lake miaka mingi kama kidonda. Hata Waziri wa Nyuki alimtaja. Watu waliangaliana.

"Kwa hivyo hiyo nchi haiko," mzee akasema.

"Haiko."

"Na wewe unataka hawa wafukuzwe?"

"Hapana mzee. Kule hawakufukuzwa. Chai haikufika, kwa hivyo hakukuwa na kazi ya kuwaleta. Hawakuja tu."

Mzee alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, na wengine wakamfuata. Hata mume wangu alicheka. Kisha kijana mmoja aliyekaa nyuma akasema, naye kwa Kiswahili, "Lakini hiyo nchi ni mzuri." Kicheko kikakatika. Mzee akamwambia atoke, akatoka akitabasamu. Ninaliona lile tabasamu hadi leo.

Kokwet iliamua Karani apite katika boma zote saba, moja baada ya nyingine, na kibuyu cha maziwa, anywe na wenyewe. Kwetu alifika mwisho. Nilipokea kibuyu, nikakiweka chini bila kukionja. Nikampikia chai, ya rangi, kali, nikamjazia kikombe kikubwa, nikakaa mbele yake nimwone. Makusudi kabisa. Alikinywa chote, mpaka machicha.

"Mama Moraa, unajua sikuwa na nia mbaya," akasema.

"Najua. Ingekuwa nia mbaya ningeelewa. Wewe ulikuwa na nchi yako mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha, ukatengeneza kila kitu mpaka goti la waziri, na hukuona kama mtu fulani amekosekana."

Aliosha kikombe mwenyewe, akakirudisha mezani, akaenda.

Hatukuhama mwaka ule. Lakini mimi niliacha kusema ngoja. Yale masanduku mawili mume wangu hakuyafungua, na mimi sikumwambia ayafungue. Nyumbani tukawa hatutengenezi kitu: mlango ukilegea tunauegemeza jiwe. Kituoni nilitundika gunia, Karani akasoma mshale, nikachukua risiti. Hakuniambia tena kama kwao kumenyesha, nami sikuuliza. Miaka mitano hivi. Kisha akastaafu, akahamia upande wa Ndanai, wakaleta karani kijana anayenunua hata majani ya mbuzi.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini tulikubaliana kuuza. Alipatikana mtu wa Ndanai aliyetaka kipande chetu, na mume wangu akanituma mimi nikamalize naye mazungumzo, kwa sababu anajua mimi siuzi kitu kwa huruma. Tulipatana tukutane huko Ndanai, hotelini sokoni, saa saba. Nilifika saa nne. Nilikuwa napita penye mashine ya kusaga, nikasikia, "Mama Moraa," na sauti ilikuwa ile ile ya kuita foleni.

Alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa. Alinisalimu kwa mikono miwili. Akaniuliza ninaenda wapi, nikamwambia ukweli, kwamba tunauza shamba. Hakusema pole wala hongera. Alisema, "Njoo kwanza uone kitu. Ni hapa karibu."

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja safi. Madaftari hayakuwa tena kumi na matatu, yalikuwa yamejaza rafu. Alinipa kiti, akabaki amesimama kama mtu aliye kortini.

"Nilijaribu kuwaleta," akasema. "Tangu siku ile ya chai. Kwanza nilileta njaa ng'ambo, watu wakahama. Walikuja, lakini walikuja wengine, wakakaa bondeni. Nikaleta biashara ya vyungu. Walikuja wafinyanzi, wakauza, wakarudi kwao. Nikaleta ndoa. Msichana mmoja alikuja, hakuwa wewe. Nimejaribu njia kumi na moja. Baba mkwe wako alikuja huku kwa sababu moja tu, na siruhusiwi kuongeza uongo."

"Kwa hivyo?" nikasema.

"Kwa hivyo niliondoa ile baridi."

Alitandaza ramani mpya kitandani. Sikuielewa mara moja. Kisha nikaona banda la mizani. Nikaona barabara ya lori, na mashamba ya kampuni yamejaa mistari ya chai mpaka ukingoni, na boma zote za kilima, na zetu saba. Kwenye kona juu ya kijito palikuwa na nyumba yangu, jiko langu, hata choo kilichoinama. Ilikuwa ramani ya kwetu. Kwetu tu, kama kulivyo.

"Na msitu?" nikauliza.

"Ulikatwa."

"Na yule mama wa nyuki?"

"Hakuzaliwa. Babu yake na bibi yake walisukumwa huku na kule, hawakukutana."

"Na watu wako wewe?"

Aliweka kidole katikati ya mistari ya shamba la kampuni, akakiacha hapo. Sikujua. Miaka yote ile ya foleni sikuwahi kujua kwamba boma la babu yake lilikuwa ndani ya shamba ambalo baba mkwe wangu alichumia. Mtu huyu alikuwa na mahali pamoja ambapo watu wake walikuwa bado wamekaa kwao, alipajenga kwa miaka zaidi ya ishirini, na alikuwa amepavunja kwa mkono wake mpaka pakafanana na mahali walipopapoteza.

"Ungetuacha tu huko nje," nikamwambia. Nilikuwa na hasira kweli, na machozi yalikuwa yanatoka. "Nani alikuambia uvunje?"

"Hakuna," akasema. "Lakini nilikuwa naandika siku ya kuuza majani, na kila nikifika katikati ya foleni, kuna mtu hayuko."

Sikuweza kumshukuru, kwa sababu shukrani ya kitu kama hicho sijui inasemwaje. Nilikaa pale nikiangalia nyumba yangu iliyochorwa kwa penseli mpaka saa saba ikapita. Kisha nikaaga. Alinisindikiza mpaka barabarani, akarudi. Sikumwona tena.

Mnunuzi alikuwa bado hotelini, amekasirika, chai yake imepoa. Nilimwambia shamba haliuzwi. Akauliza kama nimepata mteja mwingine. Nikamwambia hapana, ni kwetu.